Kimego, si "Tishu Hai"

Mwongozo mmoja wa istilahi za tiba unaiita biopsia "uchunguzi wa tishu hai". Napinga. Waliopitisha tafsiri hiyo walitazama Kigiriki, hawakutazama maabara. Ni kweli kwamba Ernest Besnier, daktari wa ngozi wa Ufaransa, aliliunda neno hilo mwaka 1879 kwa kuunganisha bios, yaani uhai, na opsis, yaani kuona. Lakini aliye hai ni mgonjwa. Kinyama kilichochukuliwa hutumbukizwa kwenye fomalini, kikazungushiwa nta, kikakatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi ndipo kiwekwe chini ya hadubini. Uhai uko wapi?

Hospitalini husemwa "kukata kinyama". Nawaheshimu wasemao hivyo, ila neno lina hatari. Mchukue mzee mwenye ualbino aliyelima viazi Njombe tangu ujana wake. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi humsahaulisha mtu jua, kumbe mionzi yake ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Sikioni pameota kinundu kigumu chenye gaga, kikiguswa kinavuja damu. Akiambiwa kinyama kimekatwa, anaelewa kinundu chote kimeondolewa. Anarudi shambani, majibu yanabaki kwenye faili.

Mimi nasema kimego. Kumega ni kuchukua sehemu na kukiacha kitu chenyewe mahali pake. Ugali humegwa tonge, sahani ikabaki na ugali wake. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Iringa ipo. Umbo nalo ni letu: pima huzaa kipimo, funga huzaa kifungo, mega huzaa kimego, wingi vimego. Na ki- ya udogo inastahili, maana kisu cha duara kinachomega ngozi mara nyingi kina upana wa milimita 3 au 4 tu. Niliyaandika haya yote kwa kamati iliyopitisha tafsiri ile, sikujibiwa hata mstari mmoja. Nasikia pingamizi lao ni maana ya mtaani ambayo vijana wamekipa kitenzi kumega. Tangu lini mtaa ukanyang'anya lugha vitenzi vyake?

Matumizi ni mepesi. Kinundu kidogo kikitolewa chote pamoja na ukingo wa ngozi nzima, hicho si kimego, kimeondolewa. Kikiwa kikubwa, daktari aseme: "Babu, tumechukua kimego tu. Kinundu bado kipo, urudi uchukue majibu."