Hitilafu za maktaba ya nje

Katika uundaji wa programu, ni taarifa za kukwama zinazorushwa na msimbo ulioandikwa na wengine na kuazimwa na mwandishi wa programu. Kuzidaka ni rahisi. Kazi ni kuchagua mahali pa kuzidakia. Mtaalamu wa kompyuta John B. Goodenough alichambua udakaji wa hitilafu mwaka 1975. Lugha ya Java, iliyotoka 1996, ililazimisha baadhi ya hitilafu zidakwe au zitangazwe, sharti ambalo lugha ya C# haikulifuata.

Chukua programu ya kuwalipa wafugaji wa maziwa wa Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, kwa simu. Ombi la malipo hupitia maktaba kama Requests ya Python. Jibu likichelewa kupita muda uliowekwa, maktaba hurusha hitilafu iitwayo Timeout. Hapo pana mtego: kwisha kwa muda si ushahidi kwamba pesa hazikutoka. Kipande kinachotuma ombi kikirudia papo hapo, mfugaji anaweza kulipwa lita zilezile mara mbili (na huenda asilalamike). Heri kipande hicho kiigeuze Timeout kuwa hitilafu ya programu yenyewe, tuseme "malipo hayajathibitika", kikihifadhi chanzo chake, kisha kiipandishe hadi sehemu inayotunza daftari la malipo. Sehemu hiyo huuliza hali ya muamala kwa nambari yake kabla ya kurudia.

Kwa mpangilio huo, maktaba ikibadilishwa, kipande kimoja tu ndicho huandikwa upya. Kudaka kila hitilafu na kunyamaza ni kubaya kuliko kuacha programu ianguke: daftari huonekana safi, mfugaji hana pesa.