Kutoka Mzigo wa Begani Hadi Reli ya Umeme: Maneno kwa Vijana Wapendao Uhandisi

Ndugu Mhariri ameniomba niwaandikie vijana wetu wa kidato cha nne na cha sita juu ya uhandisi: fani ipi ichaguliwe, na isomwe vipi. Mimi ni mzaliwa wa Igalula, mhandisi wa ujenzi mstaafu. Sioni njia bora ya kulieleza jambo hili kuliko historia ya njia ipitayo kwetu.

Igalula ni stesheni ndogo upande wa mashariki ya Tabora. Katika karne ya 19, kabla ya reli, Unyamwezi ilipitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Pahali palipoogopwa sana ni Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, kwa sababu ya uhaba wa maji. Msafara haukufuata mstari ulionyooka. Ulifuata visima na madimbwi. Hilo ndilo somo la kwanza: apangaye njia hana budi ayajue maji kwanza.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914, jumla ya kilomita 1,250 hivi. Garimoshi la mvuke nalo lilikunywa maji njiani kama mpagazi. Wazee wetu walifyeka pori, wakainua tuta, wakabeba reli na mataruma. Kupima na kuchora ilikuwa kazi ya wageni. Baba yangu alikuwa mtu wa gengi miaka mingi baadaye. Aliweza kutambua boliti iliyolegea kwa kuigonga na kusikiliza tu, lakini hakupata kuishika ramani ya njia aliyoitunza. Basi tulihama kutoka mzigo wa begani kwenda kwenye sururu, na kalamu ikabaki mkononi mwa mwingine.

Milango ilifunguka polepole. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956, na kile cha Dar es Salaam kilianzishwa 1957. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, miaka 12 baada ya Uhuru, kwa fani tatu: ujenzi, mitambo na umeme.

Sasa, kijana, uchague ipi? Usitazame jina la fani wala mshahara wa jirani. Tazama ni tatizo lipi linalokunyima usingizi.

Mwenye kupenda udongo, mito na madaraja aende kwenye ujenzi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la mto Mkondoa, na treni hazikupita kwa miezi kadhaa. Misafara ya zamani iliteswa na ukame. Reli ikateswa na gharika. Kalvati moja iliyo nyembamba kuliko mto yaweza kufunga nusu ya nchi. Mwenye kupenda kufungua injini na kuuliza kwa nini imechoka aende kwenye mitambo. Mwenye kupenda nguvu isiyoonekana aende kwenye umeme, kwani reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya mita moja ya zamani, huendeshwa kwa umeme wa volti 25,000. Madini, kemikali, kilimo na kompyuta navyo vipimwe kwa swali lile lile.

Juu ya kusoma, nina maneno machache. Hisabati na fizikia zifanyiwe mazoezi kila siku kwa mkono wako mwenyewe, maana kukariri jibu la mwenzio ni kujidanganya. Kila kanuni itafutie mfano wake: tuta, pampu, nguzo ya simu. Wakati wa mazoezi ya kazini usimdharau fundi. Mwulize, kisha rudi kwenye kitabu utafute sababu ya yale anayoyajua. Na asiyepata nafasi ya Chuo Kikuu asijione ameanguka. Vyuo vya ufundi vimetoa watu waliopanda ngazi hadi kuwa wahandisi kamili.

Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Njia hiyo itahitaji kupimwa, kukaguliwa na kutengenezwa kwa miaka 100, masika na kiangazi. Kazi hiyo itafanywa na mtu fulani. Ikiwa watoto wa Uyui na Tabora hawatakuwa tayari, atakuja mwingine na kalamu yake, nasi tutapewa sururu kwa mara nyingine. Shikeni kalamu, ndugu zangu, na sururu msiisahau.