Picha ya Pili ya Ungoni

Mwaka 1906 kilichapishwa Berlin kitabu kinene juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma. Mwandishi wake, Friedrich Fülleborn, alikuwa daktari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, naye alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kitabu kiliambatana na juzuu nzima ya picha za watu, makazi na mandhari. Aliyezifunua kurasa zake kule Ulaya angeweza kudhani kwamba anaiona nchi kama ilivyo. Lakini tarehe 27 Februari mwaka huohuo, pale Songea, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60. Picha zilipowafikia wasomaji, nchi ya Wangoni ilikuwa imekwisha kuchomwa moto.

Picha za zamani za namna hiyo zimepata kazi mpya. Watafiti huzichukua, wakatafuta mahali hasa aliposimama mpigapicha wa kwanza, kisha wakapiga picha nyingine kutoka palepale. Ni kazi ya subira. Jiwe lililo karibu hulinganishwa na kilele kilicho mbali. Mtafutaji akikosea hatua chache tu, jiwe na kilele havikai tena sawa na katika picha ya kwanza. Vivuli humwonyesha saa, nyasi na mito humwonyesha majira. Shahidi wake mkubwa ni mlima, kwa kuwa watu, miti na nyumba huondoka, nao mlima hubaki.

Magharibi mwa Marekani, Mark Klett na wenzake waliianza kazi hiyo mwaka 1977, wakiwafuata wapigapicha waliofuatana na misafara ya serikali karne moja hivi kabla yao, enzi ambazo wenyeji walikuwa wakinyang'anywa ardhi. Nchini Ethiopia, Jan Nyssen na wenzake walirudia picha zilizopigwa Tigray mwaka 1868, jeshi la Uingereza lilipopita kuelekea Maqdala. Imani iliyoenea ilikuwa kwamba nchi ile imezidi kuwa kame na tupu kadiri miaka ilivyopita. Picha mpya zilionyesha miti mingi kuliko ya 1868. Huku kwetu, kinyume chake, barafu ya Kilimanjaro, iliyopimwa kuwa kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912, haikufika 2 mwaka 2011. Kwa hiyo kulinganisha nyakati mbili kunaweza kuthibitisha hofu yetu, na kunaweza kuipinga.

Songea inadai uangalifu wa pekee, kwa sababu pale swali si tu nchi imebadilikaje, bali pia tuanze kuhesabu kutoka mwaka gani.

Wangoni walifika huko katikati ya karne ya 19, wazao wa msafara uliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Waliunda falme mbili, Njelu na Mshope, zenye manduna (machifu wadogo) wao, mifugo yao na mashamba yao, na watu wa makabila mengi waliingizwa humo, baadhi yao kwa nguvu. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma katika eneo la Nduna Songea Mbano, na jina lake likawa jina la mji. Mwaka uliofuata wamisionari Wabenedikto walianzisha kituo Peramiho.

Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905, na kufikia Septemba Wangoni walikuwa wamejiunga. Kanisa la Peramiho lilichomwa. Wajerumani, waliposhindwa kuwamaliza wapiganaji porini, waligeukia chakula chao: maghala yalitiwa moto, mashamba yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Nkosi (mfalme) Mputa Gama wa Njelu alinyongwa. Nduna Songea naye alinyongwa. Chabruma wa Mshope alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akafia huko. Kisha ikaja njaa, iliyoua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo katika eneo zima la vita huanzia 75,000 na kufikia 300,000.

Watu walipopungua kiasi hicho, ardhi nayo iliitikia. Shamba la kusini lisipolimwa hurudiwa na miombo, na pori likikaribia hualika wanyama na mbung'o. Mahali penye mbung'o ng'ombe hawastawi, na wakulima wachache waliobaki hawana nguvu ya kulisukuma pori nyuma. Mwanahistoria John Iliffe ameonyesha jinsi vita na njaa ile vilivyovuruga kazi ya vizazi ya kuitawala ardhi ya kusini, na jinsi sehemu zilizowahi kukaliwa na watu zilivyokuja kuwa hifadhi ya wanyama.

Hapa ndipo picha inapoweza kutudanganya. Tuchukue picha ya bonde karibu na Songea iliyopigwa, tuseme, mwaka 1910, inayoonyesha pori hadi upeo wa macho. Tukisimama palepale leo tutaona nyumba za bati na mahindi, nasi tutasema kwa haraka: watu wamevamia msitu wa asili. Huenda kumbe wajukuu wanalima mahali pa babu zao, na pori la kwenye picha lina umri wa miaka mitano tu. Upweke wa nchi ile haukuwa hali yake ya mwanzo. Ulitengenezwa na vibiriti vya askari, na kamera ikauhifadhi kana kwamba ulikuwepo tangu kale.

Kwa sababu hiyo, picha ya pili ya Songea haiwezi kukamilika bila sauti za watu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji, wengine kwa macho yao, wengine kwa masimulizi ya wazazi. Ushahidi huo hutaja watu na mambo ambayo kamera haikuyajali.

Leo Songea kuna Makumbusho ya Majimaji penye kaburi la pamoja, na kila Februari mashujaa hukumbukwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha. Ahadi yake ya kulitafuta fuvu la Nduna Songea, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani, imeelekeza macho kwenye makusanyo ya Ulaya, na picha nazo ni sehemu ya makusanyo hayo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka kwenye intaneti makumi ya maelfu ya picha za kikoloni. Walimu na wanafunzi wa Songea wenye simu za mkononi wanaweza kuzitafuta zile za Ungoni, kuulizia vilima vyake na kwenda kusimama pale. Ila chini ya kila jozi ya picha waandike mambo matatu: mwaka wa picha ya kwanza, nani alikuwa akikaa hapo kabla ya 1905, na nini kilimwondoa. Bila hayo, tutakuwa tumeirudia picha ya mtawala na uongo wake pia.