Kinga ya mtoto yamalizikia nyumbani

Nilikaa barazani na mhudumu mmoja wa afya ya jamii huko Kwale vijijini. Akanieleza habari ya mjamzito anayeishi na virusi vya Ukimwi, ambaye alikuwa akificha dawa zake ndani ya kopo la mchele ili mavyaa asizione. Siku nyumba ikijaa wageni, hazimezi. Zahanati ilishafanya kazi yake. Mambo yalikuwa yakiharibikia jikoni.

Wengi wetu bado twaamini kuwa mama mwenye virusi lazima azae mtoto mwenye virusi. Si kweli. Virusi humfikia mtoto wakati wa mimba, wa kujifungua au wa kunyonya. Pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wa kina mama hawa, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa zake kila siku na mtoto akapewa dawa ya kinga, idadi hushuka chini ya 5.

Hatua zenyewe ni hizi. Mjamzito aende kliniki mapema na apimwe siku ya kwanza. Akikutwa hana virusi, apimwe tena baadaye, kwani mtu huweza kuambukizwa akiwa na mimba au akinyonyesha. Akikutwa navyo, huanza dawa mara moja na huzitumia maishani. Ajifungulie hospitali. Mtoto apewe dawa ya kinga tangu kuzaliwa na anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya.

Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6, miezi 6, miezi 12 na miezi 18. Wiki 6 ni siku 42, yaani mara tu baada ya arubaini. Basi mama akitoka ndani, safari yake ya kwanza na iwe ya kliniki.

Vijijini kazi hii hushikwa na watu wa karibu. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wako pia kina mama washauri, wanaoishi na virusi wenyewe na waliopitia huduma hizi, ambao huwashika mkono wenzao. Mpango wa namna hiyo ulianza Cape Town mwaka 2001 na Kenya ikauchukua. Nao wakunga wetu wa jadi, wanaoaminiwa kuliko daktari, wafaa sana kumsindikiza mama hospitali mapema.

Lakini nani atamsindikiza mama ndani ya nyumba yake? Nakiri kwamba mimi sikuwahi kukanyaga kliniki ya wajawazito na mke wangu hata mara moja. Niliona ni mambo ya wanawake. Mume akienda wakapimwa pamoja, mama hana haja ya kuficha dawa.

Na sheria ya mwaka 2006 yamkataza mhudumu kutoa siri ya mgonjwa bila idhini yake. Sisi majirani nasi tuchunge ndimi zetu. Kusengenya ni dhambi, na hapa kwaweza kumgharimu mtoto asiye na kosa.