Kanzidata
Kanzi, kutoka Kiarabu, ni hazina: mali iliyowekwa akiba. Kwa hiyo neno kanzidata linabeba onyo ambalo “databesi” ya maofisini mjini Lodwar, Turkana nchini Kenya, haina: hazina haiachwi wazi. Pale Kakuma, kambi ya Turkana hiyohiyo iliyofunguliwa mwaka 1992, taarifa za wakimbizi zimetunzwa katika proGres, kanzidata ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Hazina ya namna hiyo hulindwa. Kwa kawaida, kwenye seva yenye masharti makali, programu ndogo inayotaka data hupewa akaunti yake, nywila isiyoandikwa ndani ya programu yenyewe, na ruhusa ya kusoma tu. Mlango wa mtandao (port), tuseme 5432 wa programu ya kanzidata PostgreSQL, hufunguliwa kwa anwani zinazojulikana pekee. Basi anayesema “niunganishe na kanzidata” anaomba ufunguo wa hazina, naye aulizwe kwanza: wa chumba kipi?