Kutoka Tumboni Hadi Kwenye Neva: Historia ya Swali Moja

Mwaka juzi mjomba wangu, mkazi wa Gitega, aliamka asubuhi miguu ikiwa haina nguvu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Majirani walisema amerogwa, na sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kutafuta mbuzi wa mganga. Hospitalini daktari alimwuliza: "Mzee, wiki mbili zilizopita uliharisha?" Alikuwa ameharisha kweli. Tulishangaa: tumbo na miguu vinahusianaje? Insha hii inafuatilia historia ya swali hilo.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, madaktari Guillain, Barré na Strohl walieleza habari za wanajeshi wawili wa Ufaransa waliolegea viungo, kisha wakapata nafuu. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa na protini nyingi, lakini chembe hazikuongezeka. Ugonjwa uliitwa Guillain-Barré, Strohl akasahauliwa. Chanzo hakikujulikana.

Kwa nini ilichukua muda mrefu kukijua? Naona sababu mbili. Kwanza, madaktari wa neva walitazama neva. Pili, bakteria Campylobacter jejuni alikuwa mgumu kuoteshwa maabara. Anataka oksijeni kidogo na joto la nyuzi 42 hivi, karibu na joto la mwili wa kuku, ambamo huishi kwa kawaida. Ni katika miaka ya 1970 ndipo wataalamu wa Ubelgiji na Uingereza walipopata njia nzuri ya kumwotesha kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa. Mwaka 1982 ikaripotiwa Uingereza habari ya mgonjwa aliyepooza baada ya kuambukizwa bakteria huyo.

Maelezo ya namna inavyotokea yalitoka Japani. Kuanzia 1990, Nobuhiro Yuki na wenzake walionyesha kwamba ganda la bakteria huyo linaweza kuwa na sukari zinazofanana na zile za neva zetu. Kwa wagonjwa wachache, kinga ya mwili inapomfukuza mgeni humjeruhi mwenyeji.

Kwa kumalizia, swali ambalo daktari aliuliza kwa sekunde chache lilihitaji zaidi ya miaka 60 kuzaliwa. Ugonjwa huu unaweza kuzuia hata kupumua. Kwa mganga tungempoteza mjomba. Leo anatembea kwa fimbo, na mbuzi bado yupo zizini.