Vita Vilivyopita Kwetu

Ukimwambia msee wa Nairobi kwamba kwenu ni Taita, atakuuliza kuhusu tembo wa Tsavo. Voi anaijua kwa sababu basi la Mombasa husimama pale, watu wanyooshe miguu. Hata mimi, mtoto wa huku, kwa miaka mingi Voi ilikuwa stendi tu. Siku hizi wikendi ikinipata na nauli, nashuka hapo na kupanda matatu za miji midogo: Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, mpaka Taveta. Ni kama kilomita 110, na ndizi za Taveta pekee zinatosha kukulipa safari.

Lakini kilichonishika zaidi ni reli. Inaandamana na barabara, nyasi zimeota katikati yake, na haikuanza kama reli ya abiria wala ya mkonge. Waingereza waliijenga kuanzia 1915 ili kupeleka wanajeshi mpakani. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza tu, Wajerumani walivuka kutoka koloni lao, Tanzania ya leo, wakaiteka Taveta.

Maktau leo ni maduka machache, mbuzi barabarani na kibanda cha chai. Wakati ule ilikuwa kambi ya jeshi. Ukisonga mbele, karibu na Taveta, kuna kilima kidogo kinaitwa Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi Wazungu kutoka Afrika Kusini walikivamia wakidhani ni kazi rahisi. Walitimuliwa, na waliozuia maafa makubwa zaidi ni Wahindi wa kikosi cha Baluchi. Wenyeji watakuonyesha pia mbuyu ambao, wanasimulia, mwanamke Mjerumani alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza risasi. Stori tamu, na watalii wanaipenda.

Stori ambayo watalii hawaambiwi iko upande mwingine, kwenye mlima Kasigau. Mwaka 1915, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Adhabu haikumchagua mtu: jamii nzima, wazee kwa watoto, ilihamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa kwenye joto la pwani, penye malaria. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa uhamishoni miaka na miaka kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Halafu kuna wapagazi. Vita hivi havikuwa na malori ya kutosha, na mbung'o walimaliza punda na ng'ombe, kwa hivyo mizigo ilibebwa na vichwa vya Waafrika. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wanazidi 40,000, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ukilisema jina hilo haraka unapata Kariakor. Ndiyo, ile soko unayoendea nyama choma na vyondo. Kwenye Kenyatta Avenue pia kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tunampita kila siku tukikimbilia mat.

Kwenye makaburi ya vita ya Voi na Taveta, mawe yamepangwa safi, nyasi zimekatwa, majina ya wanajeshi yanasomeka. Nafurahi yametunzwa. Ila nikitafuta majina ya wapagazi, au jiwe la watu wa Kasigau waliokufa Malindi, inabidi niketi na wazee. Na wazee hawatungoji.

Kwa hivyo ukienda Coast tena, ukifika Maungu, tazama mkono wa kulia: ule mlima unaosimama peke yake ndio Kasigau. Ukiwa na siku moja ya ziada, shuka. Magari ya kwenda Rukanga yapo. Beba simu yenye chaji ya kurekodi, salimia vizuri, kisha uliza kuhusu Malindi.